Wanapika porini, kambini wanangoja sahani

RUBAYA – Katika vibanda vya wakimbizi wa ndani vilivyo pembeni mwa Rubaya, saa kumi na moja za jioni huwa na mambo mawili. Akina mama wanarudi kutoka milimani na mizigo ya kuni mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, kitenge kimelowa mvua. Na akina baba wamekaa kwenye mawe mbele ya hema wakisimulia chakula. Si chakula cha siku hiyo, maana hicho bado hakijawekwa motoni. Ni chakula cha kambi za uwindaji, kule kwenye pori la Walikale na kwenye misitu ya Masisi kabla haijageuzwa malisho ya ng'ombe.

Masimulizi hayo ni matamu na hakuna sababu ya kuyadharau. Mzee aliyekulia upande wa Walikale, awe Munyanga, Mukumu au Mutembo, anapoanza kueleza lituma, hata mtoto anayelia hunyamaza. Ndizi za kupika zinachemshwa zingali mbichi, zinaepuliwa zikiwa za moto, zinapondwa humo humo ndani ya sufuria kwa kipande cha mti kilichochongwa, maana hakuna anayebeba kinu kwenda porini. Anayeponda anaongeza mawese kidogo, anafinyanga donge, anaendelea kuponda mpaka ndizi ishikane na isiwe na mabonge. Lituma ikipoa imeharibika, kwa hiyo mchuzi lazima uwe tayari kwanza. Mwindaji anajua hilo bila kuandikiwa.

Halafu kuna samaki wa kijito. Jani pana la porini linapitishwa juu ya moto mara mbili ili lilainike na lisipasuke. Samaki anawekwa katikati pamoja na chumvi, pilipili na kitunguu kama kipo, jani linakunjwa, linafungwa kwa kamba ya mmea na kulazwa juu ya makaa, si kwenye ndimi za moto. Hiyo ndiyo liboke. Inaiva kwa maji ya samaki mwenyewe, haitaki sufuria, haitaki mafuta, na kuni zake ni kidogo sana. Wanaojua zaidi huweka ndani uyoga uliookotwa asubuhi hiyo.

Na kuna nyama. Mboloko, nungu, simbiliki, nguruwe wa pori: kila mmoja ana namna yake, na wawindaji hubishana juu ya hilo kama watu wa mjini wanavyobishana juu ya mpira. Nyama inayoliwa siku hiyo inachemshwa polepole kwa chumvi na pilipili. Ile ya kurudi nayo nyumbani inakatwa vipande vyembamba na kupangwa juu ya uchaga wa miti mibichi, moto mdogo chini yake, moshi mwingi, kugeuzwa na kugeuzwa tena usiku na mchana kwa siku mbili au tatu. Anayelala na kuacha moto uwake kwa nguvu huamka na kukuta nyama imeungua nje na kuoza ndani, na wenzake hawamsamehi haraka. Nyama hiyo kavu ikifika nyumbani inalowekwa kwanza katika maji ya uvuguvugu, maji yanamwagwa, ndipo inapikwa na mawese hadi mchuzi uwe mzito.

Katika masimulizi yote hayo, anayesikiliza vizuri atagundua kwamba hakuna mwanamke hata mmoja.

Hakuna, kwa sababu hakuwapo. Kambi ya uwindaji ni ya wanaume. Kwa wawindaji wengi hata kulala na mke kabla ya kuingia porini kulikuwa mwiko, sembuse kumpeleka huko. Kijana aliyefuatana na wakubwa kwa mara ya kwanza hakupewa mkuki wala waya wa mtego. Alipewa sufuria. Aliteka maji, alichagua kuni zinazowaka polepole, alimenya ndizi, aliosha vyombo kwa mchanga wa kijito, na kama aliunguza chakula alichekwa mpaka wiki iliyofuata. Huo ndio ulikuwa mtihani wake. Aliyejua kulinda moto usiku kucha ndiye aliyeaminiwa kulinda mitego.

Basi ni ajabu gani hii, kwamba mwanamume yule yule, mwenye mikono ile ile, akifika kambini na kuwekewa juu yake hema la plastiki, anageuka kuwa mtu asiyejua hata kuwasha jiko? Anakaa kwenye jiwe tangu saa tatu asubuhi. Mke ametoka na panga na kamba. Watoto wana njaa. Kilo mbili za maharagi kavu ziko kwenye mfuko hatua tatu kutoka miguuni pake, na maji yapo kwenye kidumu. Saa kumi na moja maharagi bado yako kwenye mfuko. Mke anatua mzigo, anapumua, anawasha moto, anachagua mawe kwenye maharagi, anayaweka motoni yakiwa makavu kama risasi, na chakula kinaiva saa nne za usiku watoto wawili wakiwa wamekwisha kulala bila kula. Na baba anauliza kwa nini chumvi ni kidogo.

Watetezi wa baba huyo wana hoja zao, na ziko zenye uzito na zisizo nao.

Hoja ya kwanza ni desturi. Inasemwa kwamba mwanamume wa Masisi au wa Walikale haingii jikoni, na kwamba anayeonekana akisonga bugali huku mkewe yuko mzima, basi amewekewa dawa. Hoja hii inavunjwa na wanaoitoa. Desturi hiyo hiyo ndiyo iliyompa mvulana sufuria porini. Desturi haikusema mwanamume hapiki. Ilisema anapika pale ambapo mke hayupo. Na mke anayetoka saa moja asubuhi na kurudi jioni, yupo? Aende mtu yeyote katikati ya mji wa Rubaya au huko Goma jioni aangalie ni nani anayegeuza michopo ya mbuzi juu ya makaa. Ni wanaume, na wanapika vizuri, na hakuna anayesema wamelishwa dawa, kwa sababu mwisho wa siku kuna noti mfukoni. Kwa hiyo aibu si ya moto wala ya mwiko. Ni aibu ya kumpikia mke na watoto bure.

Hoja ya pili inasema kwamba hakuna cha kupika. Porini kulikuwa na nyama na ndizi, kambini kuna unga wa mahindi, mbaazi kavu za njano, mafuta ya chupa na chumvi, tena siku ambazo msaada umefika. Siku nyingine hakuna hata hivyo. Ni kweli, na kweli hiyo ni chungu. Mtu aliyezoea ndizi na mihogo hawezi kulazimishwa kuupenda unga ambao hakuuchagua. Lakini chakula kizuri hakihitaji fundi. Mboloko aliyenona akipikwa na mpumbavu bado ataliwa. Chakula kibaya ndicho kinachomhitaji mtu anayejua moto, na anayejua moto amekaa kwenye jiwe.

Tuseme habari ya maharagi, maana ndiyo yanayokula kuni. Maharagi makavu yanayowekwa motoni bila kulowekwa yanaweza kuchukua saa tatu. Yakilowekwa tangu jana yake, muda unapungua sana. Rubaya nako ni milimani: maji huku huchemka kabla ya kufikia joto yanalofikia kule chini katika bonde la Walikale, kwa hiyo maharagi yale yale ya Walikale huchelewa zaidi yakipikwa Masisi. Mama asiyeelezwa hilo hudhani amenunua maharagi mabaya. Maji ya kulowekea yanamwagwa, yanawekwa mapya, maharagi yanachemshwa kwa nguvu kwanza, yakitokota kabisa, kwa sababu maharagi mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Baada ya hapo moto mkubwa ni hasara tupu. Kifuniko kikikaa sawasawa na kuni zikivutwa nje, makaa yanatosha. Au sufuria inaondolewa motoni ingali inatokota, inawekwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu au kufungwa kwa blanketi kuukuu, na joto lililomo ndani linaendelea kuivisha bila ukuni hata mmoja. Mwindaji aliyekausha nyama siku tatu kwa moto mdogo anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote kambini. Kuloweka maharagi usiku hakuhitaji kutoka nje ya hema. Kunahitaji bakuli.

Mboga pia. Sombe ni jani linalodai heshima: lazima litwangwe na lipikwe muda mrefu ili sumu ya muhogo itoke. Mama aliyechoka, mwenye kuni tatu zilizobaki, atalipika nusu. Mwanamume mwenye mikono ya kuponda lituma anaweza kutwanga sombe asubuhi, na likitwangwa laini kabisa linaiva mapema. Lengalenga na matembele hayana mambo mengi, dakika chache tu, na yanaota hata kwenye viunga vya hema kama kuna mtu wa kuyamwagilia maji.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na haifai kupitwa haraka. Wanaume wanasema: tukitoka kambini kwenda kutafuta kuni tunakamatwa. Tunabebeshwa mizigo ya risasi, tunalazimishwa kufanya kazi, tunaitwa wapelelezi wa upande huu au wa upande ule, tunauawa. Mke akienda, wanasema, angalau anarudi.

Anayebisha kwamba wanaume wanakamatwa haishi Masisi. Tangu Rubaya iingie mikononi mwa M23 tarehe 30 Aprili 2024, na hata kabla ya hapo, wakati milima hii ilipokuwa ikigawanywa na makundi mengine yenye silaha, mwanamume anayekutwa peke yake njiani ana maswali mengi ya kujibu. Hofu hiyo si uvivu.

Lakini hilo neno "angalau anarudi" linahitaji kuangaliwa. Anarudi namna gani? Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba mwaka 2023 lilihudumia wahanga wa ukatili wa kingono zaidi ya 25,000 nchini Kongo, na walio wengi kabisa walitoka katika kambi za wakimbizi za kuzunguka Goma. Wengi wa wanawake hao walieleza kwamba walivamiwa walipokwenda kutafuta kuni, maji au chakula shambani. Hao ni wale waliofika kwa daktari. Huku Masisi, ambako kituo cha afya kinaweza kuwa mwendo wa nusu siku, wako wanaonyamaza na kuendelea kupika. Milima ya Rubaya yenyewe imekwisha nyolewa. Palipobaki miti ni mikaratusi ya watu, na mama anayekutwa na tawi mkononi hupigwa au hutozwa, kwa hiyo anakwenda mbali zaidi, mahali ambapo hakuna mwenye miti wala shahidi. Rubaya hii hii, ambayo Umoja wa Mataifa umesema inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, haina ukuni wa kuchemshia maharagi.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Kama mwanamume hawezi kutoka, basi amebaki. Kama amebaki, yuko hatua tatu kutoka kwenye sufuria mchana kutwa. Hofu yake ya kweli ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kumtaka apike, na ni ajabu kwamba inatumiwa kutetea kinyume chake. Hakuna anayemwomba aende kufa kwa ajili ya kuni. Anaombwa aloweke, atwange, achague mawe, alinde moto, awaoshe watoto, ili kuni zilizoletwa kwa hatari zitoshe siku tatu badala ya moja. Mzigo mmoja ukitosha siku tatu, mama anatoka mara mbili kwa wiki badala ya sita. Kila safari asiyokwenda ni njia ambayo hakukutwa.

Tena kuna jambo la moto wenyewe. Vibanda vya plastiki na majani vinawaka upesi kuliko mtu anavyoweza kuamka, na mara nyingi chanzo ni jiko lililoachiwa mtoto wa miaka saba kwa sababu mama hayupo. Baba yupo, ila moto "si kazi yake". Porini angekuwa wa kwanza kuamka.

Haki inataka isemwe kwamba wanaume si wakosaji peke yao. Wako mama wakwe wanaomwona mwana wao ameshika mwiko, wakapiga kelele kama wameona nyoka. Wako wake wanaomfukuza mume jikoni kwa hofu ya majirani, na wanaomtoa mvulana karibu na jiko huku dada yake mdogo akiungua vidole. Kesho mvulana huyo atakuwa baba kwenye jiwe.

Na mashirika yana sehemu yao, tena kubwa. Kukiwa na mafunzo ya lishe na upishi kambini, wanaoitwa ni akina mama, wenye watoto mgongoni, siku ambayo wangeweza kupumzika. Kukiwa na kikao cha usalama au cha kamati, penye soda na nauli, wanaitwa akina baba. Majiko yanayookoa kuni yanagawiwa wanawake, kana kwamba ukuni unaulizwa jinsia kabla ya kuwaka. Kisha mbaazi kavu zinashushwa kutoka kwenye malori bila makala wala kuni, kwa watu ambao anayewagawia anajua wazi wanatafuta wapi cha kuwashia. Kugawa chakula kisicholiwa kibichi pasipo cha kupikia ni kugawa nusu, na nusu iliyobaki mama anailipia porini. Wasimamizi wa ugawaji wakiita wanaume ishirini waliowahi kuishi kambi za uwindaji na kuwaweka mbele ya sufuria wafundishe wenzao moto mdogo, watakuwa wamefanya zaidi ya semina kumi, na soda iwepo pia.

Kwa wasikilizaji watakaodhani kwamba hapa watu wanahimizwa warudi kuwinda: sivyo. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ipo, na wanyama kama gorila, sokwe, okapi na kakakuona hawaguswi. Gorila wa misitu hii, waliokadiriwa kuwa 17,000 hivi mwaka 1995, walihesabiwa upya mwaka 2016 na watafiti wakaona wamebaki kama 3,800. Hesabu ya baadaye ilipandisha hadi 6,800, ambayo bado ni huzuni. Waliowamaliza si wazee wa mitego na nyavu, ni bunduki za vita na kambi za machimbo zilizotaka nyama kila siku. Kisha kuna magonjwa. Kivu Kaskazini na mikoa jirani ilizika watu zaidi ya 2,200 wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, na mpox imeingia hadi kambini. Nyama ya pori iliyookotwa imekufa, au nyani aliyechunwa kwa mikono yenye vidonda, si ya kuletwa kwa watoto. Wazee wenyewe walikuwa na miiko mingi juu ya nani anakula nini. Wanyanga, ambao utenzi wao wa Mwindo umechapishwa na kusomwa dunia nzima, wanamaliza habari ya shujaa wao kwa kupewa katazo la kuua wanyama. Kinachotakiwa kutoka porini si nyama. Ni ule ujuzi wa mwanamume mbele ya moto.

Na ujuzi huo haujapotea. Wako wachache hapa Rubaya wanaopika. Wanafanya hivyo mchana, nyuma ya kibanda, turubai limeshushwa ili jirani asione, na mtoto amewekwa mlangoni aseme mama yumo ndani. Lakini liboke ya sambaza waliofungwa kwenye jani la mgomba, na kitunguu kilichowekwa wakati wake, haifichiki. Saa sita za mchana harufu inapita hema la pili, inapita la tatu, na akina baba waliokaa kwenye mawe wanaacha kuzungumza, wanainua vichwa, wanaulizana ni nani huyo aliyeleta mke wake nyumbani mapema hivi.